Kupima bidhaa inayojiita "rafiki wa mazingira" kabla hujatoa fedha

Vitu vya kuwa navyo: kiberiti, kibanio cha chuma, sahani ya bati yenye maji na simu yenye intaneti.

1. Geuza pakiti

Mbele kuna jani, kasa na bahari. Hayo ni matangazo. Tafuta nyuma sentensi inayodai jambo, kisha iulize: ni sehemu gani ya bidhaa? Kiasi gani? Nani kathibitisha? "Imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa" inaweza kuwa chupa nzima au kizibo peke yake. Dai lisilojibu hata swali moja, lihesabu kuwa halipo.

Yapo pia madai ya kweli yasiyo na thamani. Kopo la dawa ya mbu lililoandikwa "haina CFC" linajisifia kutii sheria tu, maana gesi hizo, zinazoharibu tabaka la ozoni, zilianza kuondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya 1987.

2. Choma kipande cha mfuko

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Bara ikafuata 2019. Leo ukienda soko la Darajani, mjini Unguja, unapewa mfuko laini wa rangi, na watu wengi wanauita wa kitambaa. Uelekeze kwenye mwanga: nyuzi zimelala ovyo, hazikufumwa, na kuna vidoa vidogo vilivyobanwa kwa mpangilio. Hiyo ni polipropilini, plastiki namba 5, iliyoyeyushwa ikavutwa nyuzi na kugandishwa kwa joto.

Ukitaka hakika, toka nje, mbali na watoto. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kibane, kiwashe juu ya sahani yenye maji. Plastiki hujikunja ikiukimbia moto kabla haijashika, huyeyuka, hudondoka, na ikipoa huwa shanga ngumu. Pamba na ukili huwaka moja kwa moja, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Ukipata jivu lenye vipunje vigumu ndani, hapo pamba imechanganywa na poliesta.

Wengi hukosea kwa kuchoma mkono wa mfuko au uzi wa kushonea tu. Mara nyingi hivyo ni vya aina nyingine kabisa. Pima na mwili wa mfuko.

Kama tayari unao, utumie mpaka uchakae, usiutupe kwa hasira. Lakini ukienda kununua mwingine kwa ajili ya mazingira, nunua mkoba wa ukili. Ukiisha kazi, unaoza shambani kweli.

3. "Linaoza": wapi, na kwa muda gani?

Hapa ndipo wateja wanapoumia zaidi, hasa wenye mikahawa. Vikombe vya PLA, plastiki itokanayo na wanga wa mahindi, huandikwa "compostable", yaani huoza kuwa mboji. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, hutaka asilimia 90 ya kitu ioze ndani ya miezi 6, lakini katika mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Shimo la nyuma ya nyumba halifiki huko, wala maji ya ufukweni wakati wa kaskazi hayakaribii. Kikombe kikiangukia pwani ya Nungwi, kitakaa kama plastiki nyingine.

Muuzaji akikuonyesha cheti, soma kama kinasema kiwandani au nyumbani. Ni vyeti viwili tofauti.

Plastiki iliyoandikwa "oxo-biodegradable" iache kabisa. Imetiwa dawa ya kuifanya ivunjike vipande kwa jua na joto, na vipande hivyo hubaki plastiki. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

4. Sabuni ya mwani

Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi; vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kuchanganywa mwishoni. Tafuta Eucheuma au Kappaphycus, majina ya mwani unaolimwa kwetu. Likitangulia sodium palmate (mawese), sodium cocoate (nazi), halafu parfum, na mwani ndiyo ukafuata, umenunua sabuni ya mawese yenye manukato. Ukiona CI na tarakimu tano, hiyo ni rangi iliyotiwa. Wakinamama wanaosaga mwani wenyewe Paje watakutajia kiasi wanachotia, waulize.

5. Hakiki alama

Alama ya ZBS, shirika la viwango la Zanzibar, ni ya ubora na usalama, haisemi chochote kuhusu mazingira. Pembetatu ya mishale yenye namba 1 hadi 7 hutaja aina ya plastiki tu. Muulize mkusanyaji wa mtaani kwenu anapokea namba zipi. Nyingine zitaishia jaani.

FSC, alama ya misitu inayotunzwa, kwenye karatasi na mbao huwa na herufi C na tarakimu sita: ziingize kwenye tovuti yao, jina la kampuni litoke. Viungo vya chakula vyenye jani la nyota la Ulaya, alama ya kilimo hai, lazima viwe na namba kama TZ-BIO na tarakimu zake. Kwa Afrika Mashariki tafuta alama ya kilimo hai iitwayo Kilimohai. Jani lisilo na jina wala namba limechorwa na kampuni yenyewe.

6. Uliza kwa maandishi

Piga picha pakiti pande zote, tunza risiti, kisha mtumie mtengenezaji ujumbe: "Mmeandika bidhaa hii inaoza. Inaoza katika joto gani, kwa siku ngapi, na nani alipima? Naomba namba ya cheti." Ikiwa ni mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku, picha hizo zipeleke ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar.