Tokeni ya ufuta: kagua msimbo kabla hujachanga

Chama cha ushirika au kikundi cha Dodoma kikiletewa mradi wa tokeni (vipande vya kidijitali vinavyouzwa) zinazodai kusimama badala ya magunia ya ufuta, wekeni kando kabrasha la picha. Ombeni vitu viwili: hifadhi ya msimbo (mahali mafaili yote ya programu yanapotunzwa, mfano tovuti ya GitHub) na anwani ya mkataba janja, yaani programu inayopokea na kutoa fedha yenyewe, uliokwisha kuwekwa kwenye blokcheni, daftari la pamoja la mtandaoni. Wakisema ni siri ya kampuni, achaneni nao.

Anza na anwani. Kwa mradi ulio kwenye blokcheni ya Ethereum, iingize Etherscan, tovuti ya kuchungulia blokcheni hiyo, uangalie kama msimbo chanzo umethibitishwa. Haujathibitishwa? Basi hujui kama ulichosoma GitHub ndicho kinachopokea fedha. Angalia pia kama mkataba unapitia proksi, yaani mkataba wa mbele unaoelekeza kwenye msimbo mwingine: mwenye ufunguo wake anaweza kubadilisha msimbo kesho, uliousoma leo ukabaki kumbukumbu.

Ndani ya msimbo ndipo penye shughuli kubwa. Tafuta neno `mint`, yaani kuchapa tokeni mpya. Ukikuta kazi (kipande cha msimbo kinachotekeleza jambo moja) ya `mint` yenye `onlyOwner`, yaani mmiliki pekee ndiye anayeruhusiwa, bila mstari unaoweka kikomo cha jumla, mmiliki anaweza kuchapa tokeni atakavyo na zako zikashuka thamani. Kisha soma `owner`, yaani mmiliki, nakili anwani inayotokea, uifungue. Ikiwa ni akaunti ya kawaida, ufunguo mmoja ndio unaotawala kila kitu, ukiibiwa, basi. Afadhali pochi inayotaka sahihi 3 kati ya 5, na mabadiliko yasubiri walau saa 48.

Kwenye kazi ya kutoa fedha, salio lipunguzwe kwanza, malipo yafuate. Mpangilio ukigeuzwa, mkataba wa mshambuliaji huita tena kabla hesabu haijafungwa. Ndivyo The DAO, mfuko wa uwekezaji uliokuwa kwenye Ethereum, ilivyochotwa etha (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 hivi, Juni 2016. Slither, programu ya kukagua msimbo, hukamata kosa hili, ingawa hupiga kelele nyingi. Anza na maonyo ya daraja la juu. Na kama toleo la Solidity, lugha ya kuandikia mikataba janja, liko chini ya 0.8, hakikisha hesabu zina kinga, maana namba inayozidi ukomo hujirudia sifuri kimyakimya.

Sasa pakua hifadhi, uendeshe `git shortlog -sn`, amri inayoorodhesha walioandika msimbo na idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za kila mmoja. Mtu mmoja na komiti moja kubwa wiki ya mauzo: waulize msimbo umetoka wapi. Kutumia maktaba ya OpenZeppelin, msimbo wa wazi unaotumiwa na wengi, si dosari. Mistari waliyoibadilisha ndiyo ya kusoma. Endesha majaribio ya msimbo yaliyomo kwenye hifadhi. Yakigoma hata kujengwa, umeshajibiwa. Asilimia 95 ya msimbo kupitiwa na majaribio haina maana kama hakuna jaribio la mtu asiyeruhusiwa kutoa fedha.

Ripoti ya ukaguzi itaje komiti iliyokaguliwa. Ilinganishe na iliyowekwa.

Mwisho, magunia. Solidity haihesabu ghala la Chemba. Namba huingizwa na mtu. Tafuta anwani yenye ruhusa ya kuiingiza, kisha dai stakabadhi ya ghala inayolingana nayo.