Ukizuia simu ya mtoto kwenye ruta, tumia orodha ya ruhusa

Mzazi anayemfungia mtoto Wi-Fi ya nyumbani kila ifikapo saa nne usiku hushangaa kumkuta saa sita yu macho, mwanga wa simu ukimulika chini ya shuka. Mara nyingi mtoto hajaiba nywila ya mtu. Amefungua mipangilio ya Wi-Fi na kubadilisha anwani ya MAC, yaani namba ambayo ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, huitumia kuitambua simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 (mfumo wa iPhone) ya mwaka 2020, simu huweza kujitambulisha kwa anwani ya kubuni badala ya ile halisi, kwa sababu njema kabisa ya kulinda faragha, lakini matokeo yake ni kwamba simu uliyoizuia jana hurudi leo kama mgeni asiyejulikana.

Kwa hiyo usiorodheshe simu zinazozuiwa. Orodhesha zinazoruhusiwa, kila moja na saa zake, ili anwani yoyote mpya ikataliwe papo hapo. Kabla ya hapo, geuza ruta uangalie kibandiko cha chini: nywila ya kuingilia kwenye mipangilio mara nyingi imeandikwa pale pale, na mtoto wa darasa la saba huisoma bila shida, hivyo ibadilishe.

Bando la laini halipiti kwenye ruta, na hilo linahitaji makubaliano ya ana kwa ana. Wanangu huchaji simu zao sebuleni usiku, nami huchaji yangu hapo hapo.