Somo: Kabla hujafuata mzigo Bangkok, jifunze adabu za Wathai

Wengi wetu tunaokwenda Thailand tunafuata nguo za jumla kwenye masoko ya Pratunam na Bobae jijini Bangkok, au tunapeleka mawe ya vito mtaa wa Silom, Bangkok, na mji wa Chanthaburi. Bei tunazijua, kilo za kago tunazijua, ila wenyeji tunawakosea bila kujua. Na Mthai uliyemuudhi mara nyingi hakwambii. Atatabasamu, atasema saizi imeisha, na wewe utaondoka hujui ulipokosea.

Hatua ya 1: Karatasi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zipo kwenye orodha yao ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waonyeshe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanja angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, pitia kwanza dawati la afya wakague kadi yako, ndipo uende uhamiaji. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya mtandaoni, TDAC, inayojazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti ikikudai hela, toka.

Hatua ya 2: Salamu. Wanaiita wai: unakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Mpangilio wake ni kama shikamoo, mdogo ndiye anayeanza. Kwa mzee, ncha za vidole zifike puani. Mtoto akikupa wai, mjibu kwa tabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mtawa wa Kibuddha harudishi, usidhani amekudharau. Kila unachosema malizia na "khrap" kama ni mwanaume, "kha" kama ni mwanamke.

Hatua ya 3: Kichwa na miguu. Kichwa ni kitukufu, kwa hiyo tabia yetu ya kumpapasa mtoto wa mtu kichwani iache nyumbani. Nyayo ndizo za chini kabisa: usizielekeze kwa mtu wala sanamu ya Buddha. Hekaluni kalia visigino, nyayo zitazame nyuma. Mabega na magoti yafunikwe. Akina dada, mtawa haguswi na mwanamke, hata kumpa kitu mkononi.

Hatua ya 4: Mfalme. Hapa sina utani. Kifungu cha 112 cha sheria yao kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kumtukana mfalme, malkia au mrithi wa kiti, na maneno ya mtandaoni yanahesabiwa. Noti ikidondoka usiizuie kwa mguu, ina sura ya mfalme. Wimbo wa taifa ukipigwa saa 2 asubuhi au saa 12 jioni, simama ulipo.

Hatua ya 5: Dukani. Muuzaji ataandika bei kwenye kikokotoo na kukugeuzia. Wewe futa, andika yako, mrudishie huku unatabasamu. Mnaweza kwenda hivyo mara nne bila neno, na ndivyo inavyotakiwa. Ukipandisha sauti na kugonga meza kama tulivyozoea Kariakoo, umemwaibisha mbele ya wenzake, na hapo hata ukiongeza bei anaweza asikuuzie. Pratunam maduka mengi hutoa bei ya jumla kuanzia vipande 3, hata vya rangi tofauti. Uliza kabla hujaanza kuvuta bei chini.

MASWALI

*Shukrani kwa somo, dada. Sisi Waislamu tunakula wapi?*
Nenda mtaa wa Nana, Bangkok, kichochoro cha Soi 3, kuna migahawa ya Kiarabu na Waafrika wengi. Ukiwa Silom, msikiti wa Haroon uko Bang Rak, na jirani kuna vyakula vya halali. Kwingine tafuta nembo ya halali, maana nguruwe wanamtumia sana. "Mai sai mu" ni usiweke nguruwe. Pilipili ikikushinda, "mai phet".

*Dereva wa bajaji aliniambia kasri la mfalme limefungwa, akanipeleka duka la vito. Ni kweli?*
Hapana, kaka. Huo ni utapeli wa siku nyingi, wanalipwa kwa kupeleka wateja. Nenda mwenyewe mpaka getini uulize.

*Nina mawe ya Mahenge. Chanthaburi nauzaje?*
Soko la mtaani huchangamka Ijumaa mpaka Jumapili. Wanunuzi ndio wanaokaa mezani, wauzaji mnazunguka na vifurushi. Mwache alitazame jiwe kwa utulivu, usimharakishe. Kibali cha Tume ya Madini kiwe mkononi, na mawe uyatangaze forodhani unapoingia Thailand.