Umeumia kazini? Anza kudai fidia leo, miezi 12 inakimbia

Naandika hii kwa sababu ya mdogo wangu. Alikatwa vidole viwili na msumeno kwenye karakana ya mbao hapa Tabora, bosi akamkimbiza hospitali, bili akalipa, akamwambia we pona kwanza tutamalizana. Ikawa kila mwezi anampa elfu hamsini, dogo anashukuru, na sisi nyumbani tunashukuru, kumbe muda wa kudai unahesabika, tunakuja kushtuka miezi tisa ishaenda.

Sheria inaitwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 2008, na anayelipa ni WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi hata mia, kwa hiyo usione aibu kudai, hiyo sio sadaka ya bosi. Dai lisipofika ndani ya miezi 12 tangu uumie, haki yako inaweza kupotea.

Cha kwanza mwambie mwajiri siku ileile, na hata kama aliona kwa macho yake mtumie meseji: leo saa nne asubuhi nimekatwa na msumeno, fulani na fulani walikuwepo. Usiifute. Yeye akishapata taarifa ana siku 7 za kuifikisha WCF.

Hospitali ndo penye kesi yenyewe. Daktari akikuuliza umeumiaje sema nimeumia kazini, taja mashine, taja kazi uliyokuwa unafanya, alafu kabla hujaondoka soma walichoandika au mpe anayejua kusoma akusomee. Cheti cha dogo kiliandikwa ameumia nyumbani, maana aliyempeleka ndo alijibu hivyo na yeye mwenyewe maumivu hayakumpa nafasi ya kuongea. Kukirekebisha tumezunguka wiki nzima na mashahidi wawili. Ajali ikiwa ya barabarani pitia polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Tunza karatasi zote, kila moja ipige picha mtumie ndugu, simu zinaibiwa.

Vibarua wengi wanakata tamaa hapa, eti sina mkataba wa maandishi. Jamani dai tu. Kusanya meseji za malipo ya simu, daftari la mahudhurio, kitambulisho, picha ukiwa kazini, majina ya wenzako. Hata wewe uliyeko Urambo au Kaliua kwenye magodauni ya tumbaku, kifua kikianza kubana kwa vumbi mwambie daktari kazi unayofanya, maana magonjwa yanayotokana na kazi nayo yamo kwenye sheria.

Bosi akigoma kuripoti usimsubiri, peleka taarifa WCF mwenyewe au ndugu akupelekee. Ukikwama nenda ofisi ya kata uulizie wasaidizi wa kisheria, kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na asiye na uwezo anasaidiwa bure. Na ukiletewa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa na huna madai tena, usisaini kabla hujawaonyesha hao.

Kuhusu hela, matibabu yanalipwa, na kipindi huwezi kufanya kazi unapewa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ukishapona kadiri inavyowezekana unapimwa ulemavu uliobaki, ukiwa asilimia 30 kushuka chini unalipwa mkupuo, ukizidi hapo unapewa pensheni ya kila mwezi. Siku ya kupimwa usijikaze kiume, dogo alitaka kusema anaweza kila kitu, nikamwambia waonyeshe unavyoshindwa kufunga kifungo cha shati.

Ukifukuzwa kazi kwa sababu umeumia hilo ni shauri lingine, linaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko una siku 30 tu tangu kufukuzwa.