SOMO: Pancha barabara kuu. Someni mpaka mwisho ndipo muulize

Habari za wakati huu wadau. Msimu wa korosho umefunguliwa, malori yamejaa kuanzia Masasi mpaka bandarini Mtwara, na lile swali limeanza tena kumiminika kwenye meseji zangu: "Mkuu, nimepata pancha porini huku, nifanyeje?" Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja, tena usiku. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Kufungua nati nne au tano kila mtu anajua, au anadhani anajua. Kinachoua ni mahali mnapofungulia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu mambo ya kabla jeki haijatoka kwenye buti.

1. Tairi likipasuka gari likiwa kwenye mwendo, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, acha gari lipunguze lenyewe. La mbele likipasuka, gari litavutwa upande huohuo. La nyuma likipasuka, matako ya gari yatayumba. Yote mawili yanavumilika. Anayekanyaga breki kwa hofu ndiye anayejikuta kichwa chini miguu juu mtaroni.

2. Washa hazadi, zile taa za tahadhari zinazowakawaka pande zote.

3. Usisimame pale ulipopatia pancha. Hapa ndipo watu hubishana nami, wanasema rimu itaharibika. Iharibike. Rimu inauzwa. Tambaa polepole mpaka upate sehemu iliyonyooka, tambarare, ngumu, inayoonekana kwa mbali kutoka pande zote mbili. Si kwenye kona, si juu ya kilima ambako anayekuja hakuoni mpaka ameshafika, na si darajani kabisa. Daraja la Mkapa pale Rufiji lina mita 970. Ukitambaa kwa kilomita 20 kwa saa unalimaliza kwa dakika tatu. Dakika tatu hizo zinaua tairi, lakini tairi lenyewe lilishakufa.

Halafu angalia ni tairi la upande gani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo la kulia ndilo liko upande wa magari yanayopita. Ukichuchumaa kulibadilisha, mgongo wako uko kwenye lami. Kama ni la kulia, ingia ndani zaidi, njia ya mashamba, uwanja wa kijiji, mbele ya duka la mtu, popote patakapobaki nafasi ya gari zima kati yako na lami. Ukikosa nafasi hiyo na ni usiku, usibadilishe. Kaeni mbali na gari, pigeni 112 au mtu wenu aliye karibu, msubiri.

4. Hendibreki, gia ya kwanza (otomatiki weka P), zima injini.

5. Abiria wote washuke kwa mlango wa kushoto, hata bibi aliyelala. Wasikae mbele ya gari kusubiri. Gari likigongwa kwa nyuma linasukumwa mbele, na litawakuta. Wasogee mbali na lami, kisha warudi nyuma kidogo kuelekea magari yanakotokea. Watoto washikwe mkono. Na atakayetaka kujisaidia asivuke barabara.

6. Pembetatu. Watu wanaiweka hatua kumi nyuma ya gari halafu wanaona wamemaliza. Fanya hesabu: gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Ukiiweka mita 30 umempa dereva sekunde moja tu, na hiyo sekunde anaimaliza kwa kushangaa. Iweke angalau mita 100 kwa nyuma, na kama umepita kona, irudishe mpaka kabla ya kona. Ya pili weka mbele, kwa wanaokuja upande wa pili. Unapokwenda kuiweka tembea nje ya lami, umeishika kifuani ikiwatazama wanaokuja, na kama una kizibao cha kuakisi mwanga kivae.

7. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini.

8. Jeki. Someni hii mara mbili.

Pembeni mwa barabara zetu za Kusini panadanganya. Juu unaona changarawe iliyoshindiliwa, chini yake ni kichanga. Jeki inakupandishia gari vizuri, unafurahi, unavua tairi, na wakati huo kitako chake kinazama upande mmoja polepole bila kelele. Ikishalala kidogo inateleza yote kwa mkupuo. Gari linashukia diski, jeki inapinda, na kama mkono wako ulikuwa ndani ya matao ya gurudumu basi ndiyo hivyo. Baada ya mvua ni balaa zaidi, kwa sababu maji yamekula kwa chini na juu hupaoni. Kwa hiyo:

Beba kipande cha ubao mnene, upana unaozidi kitako cha jeki pande zote. Kinakaa chini ya spea mwaka mzima, hakili wala hakinywi. Jiwe si mbadala wa ubao, linapasuka au linaviringika. Tofali la mchanga ndiyo kabisa.

Zuia gurudumu la pembe ya pili kwa mawe, mbele na nyuma. Ukiinua mbele kushoto, zuia nyuma kulia.

Jeki ikae pale kiwanda kilipoweka alama kwenye ukingo wa chini wa bodi, si kwenye bati la sakafu.

Kabla ya kuvua tairi, lisukumie spea chini ya gari, ubavuni, lilale. Jeki ikikukimbia, gari litaangukia spea, si wewe. Ukishalivua bovu, badilisha: bovu chini, spea juu.

Inua zaidi ya unavyodhani. Tairi lililojaa upepo linahitaji nafasi kubwa kuliko lile lililolala.

Na hakuna kichwa, mkono wala mguu chini ya gari lililo juu ya jeki. Hata simu ikiangukia huko, iache.

9. Weka spea, kaza nati kwa mkono kwa mtindo wa msalaba, upande wake wenye koni ukitazama rimu. Shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu, msalaba vilevile.

10. Okota kila kitu, yakiwemo mawe na matawi. Baada ya kilomita 50 hivi simama, kaza tena.

Nimemaliza. Maswali.

—

Mgeni Kusini: Mkuu somo zuri. Sasa ikitokea nimepata pancha njiani nianze na nini?

Mwandishi: Namba 1.

—

Mama Korosho: Shikamoo kaka. Mimi nasafiri mwenyewe Mtwara–Masasi kila baada ya wiki mbili. Tatizo langu ni nati. Mafundi wanakaza kwa mashine, spana inayokuja na gari naining'inia mpaka mkono unauma na haitikisiki. Kuna ujanja?

Mwandishi: Marahaba dada, swali la maana hili. Vaa spana kwenye nati, mkono wake uelekee kushoto kwako na ulale karibu sawa na ardhi. Shikilia gari, weka mguu juu ya ncha yake, ukandamize kwa uzito wako taratibu. Usirukeruke, spana ikichomoka utaumia kifundo. Gari liwe chini, si juu ya jeki. Ukiweza tafuta bomba la chuma la urefu wa mkono, livike kwenye spana, utashangaa nati inavyolainika. Lakini dawa yenyewe ni nyumbani: siku yoyote nenda gereji, mwambie fundi alegeze zote na akukazie kwa spana ya mkono huku ukiangalia. Papo hapo uliza kama kuna nati yenye ufunguo wake maalumu, maana magari mengine yanayo moja kila gurudumu, na ule ufunguo mwenye gari wa kwanza alibaki nao Japani.

Mama Korosho: Ahsante sana. Kumbe ninayo kweli! Nimekwenda kuangalia sasa hivi.

Mwandishi: Tafuta ufunguo leo. Ukiukosa, zitolewe gereji uwekewe za kawaida.

—

Fuso Halichoki: Mambo ya pembetatu ni ya kuwaridhisha trafiki. Sisi tunakata majani tunatupa barabarani, kila dereva anaelewa.

Mwandishi: Mchana. Usiku jani haliakisi mwanga.

Fuso Halichoki: Taa za gari zinaliona.

Mwandishi: Zinaliona likiwa mita chache mbele. Rudia hesabu ya namba 6. Na mkiondoka mnayaacha hapohapo, pamoja na mawe mliyozuilia matairi. Bodaboda anakuja nyuma yenu gizani hana habari. Sijasema majani ni haramu; weka majani na pembetatu, kisha uondoe vyote.

—

Kijana wa Mingoyo: Mzee, gari langu spea yake ni lile tairi jembamba kama la pikipiki. Naweza kufika nalo Dar?

Mwandishi: Usijaribu. Hilo ni la kukutoa porini tu. Lisome ubavuni: mengi yameandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni PSI 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Ndiyo maana watu wanalitoa limelala. Muuza upepo amelijaza 30 kama mengine. Breki zake nazo si zilezile, hasa kwenye mvua. Ukipata pancha kati ya Lindi na Nangurukuru, nenda nalo polepole mpaka kwa fundi wa kwanza, ziba lile kubwa, lirudishe.

Kijana wa Mingoyo: Na kama iliyopasuka ni ya mbele, na gari linavuta kwa mbele?

Mwandishi: Umeniuliza kama fundi. Lililo bora ni jembamba likae nyuma, na zima la nyuma lije mbele. Lakini hiyo ni kuinua gari mara mbili pembeni mwa lami, sikushauri. Liweke mbele, tambaa mpaka mjini, hayo mengine uyafanye gereji.

—

Utingo Mstaafu: Umewasahau wenye malori. Matairi pacha ya nyuma, la ndani likipata pancha dereva hasikii kitu, la nje linabeba mzigo wote. Yanasuguana, yanachemka, mwisho ni moto. Nimeona korosho zikiungua njia ya Masasi. Kila mnaposimama gonga yote kwa rungu, bovu linasikika kwa mlio wake.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hilo sikuligusa kwa sababu silijui vizuri kama wewe. Endelea, wanasoma.

Utingo Mstaafu: Marahaba. Jingine rimu za ringi, zile ambazo tairi linashikiliwa na ringi ya chuma. Usijaze upepo umesimama mbele yake. Ringi ikifyatuka inaua. Simama ubavuni, tumia mpira mrefu, na wapita njia waondoke.

—

Niko Leicester: Kaka salamu kutoka Uingereza. Huku kwenye motorwei tunaambiwa usibadilishe tairi kabisa, na pembetatu usiweke. Mnatoka, mnapanda nyuma ya uzio wa chuma, mnaita msaada. Kwa nini huku ni tofauti?

Mwandishi: Kanuni ni ileile dada: mtu akae mbali na magari. Huko mwendo ni mkubwa, magari hayakatiki, na kutembea pembeni kwenda kuweka pembetatu kunaweza kukuua kabla haijamwonya mtu. Lakini huko gari la msaada linakuja. Hapa kwetu katikati ya Kiranjeranje na Mbwemkuru gari la msaada ni wewe na jeki yako. Ndiyo maana natilia mkazo kutoka kabisa kwenye lami. Sisi uzio hatuna.

—

Chap Chap: Sijasoma yote ni ndefu. Jeki inawekwa wapi?

Mwandishi: Namba 8.

Chap Chap: Si ungejibu tu?

Mwandishi: Nilishajibu. Aya nzima.

Kijana wa Mingoyo: Hahaha. Mzee, hiyo namba 8 mbona umeiandika kwa hasira hivyo?

Mwandishi: Muulize shemeji yangu aliyekuwa ameshika tochi.

—

Mama Korosho: Samahani narudi. Fundi leo kaniambia matairi yangu yamezeeka, lakini kashata, yale meno ya kukanyagia, bado ziko nyingi. Ananiibia?

Mwandishi: Huenda anasema kweli. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mpaka kwenye tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi tarakimu hizo hazipo, chungulia wa ndani. Jua na joto hukausha mpira hata kama gari limeegeshwa tu. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, usibishane na fundi. Haya mitumba yanayouzwa kwa bei ya kutupa, soma tarakimu kabla hujatoa hela. Na spea pia, maana spea nyingi ni za umri uleule wa gari.

Mama Korosho: Zangu zinasomeka 4112.

Mwandishi: Dada. Usisafiri nazo.

—

Mgeni Kusini: Swali la mwisho mkuu, upepo niweke ngapi? Mimi nafuata namba iliyoandikwa kwenye tairi.

Mwandishi: Hili nalo ni zuri, umejirekebisha. Namba ya ubavuni ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linavumilia, si cha kuendeshea. Fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango, kina namba za mbele na za nyuma, na mara nyingi za gari likiwa limepakia. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi. Ukipima Mnazi Mmoja baada ya kutoka Masasi limeshapata moto, namba itakuwa imepanda, usiupunguze.

Mgeni Kusini: Na spea nayo nipime?

Mwandishi: Spea ndiyo uanze nayo.