Kujua toleo la Windows kwenye kila kompyuta ya ofisi

Ofisi yenye matawi Malindi mjini, Watamu na Mambrui isitegemee kumbukumbu ya mtu. Fungua jedwali moja: namba ya mashine, mtumiaji, toleo, bildi (namba kamili inayotambulisha toleo hilo), tarehe ya kukagua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter, kisha nakili bildi yote, mfano 19045.3803. Usiache tarakimu za baada ya nukta. Ndizo zinazoonyesha viraka vya usalama vimefika wapi. Jina pekee hudanganya, kwani ndani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) Windows 11 bado hujiita Windows 10. Bildi za 11 huanzia 22000.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mistari yake itie rangi nyekundu. Laptopu za Mambrui zinazokaa wiki nzima bila intaneti zikague kwa mkono kila mwezi.