Kabla Hujaenda Kupiga Picha za Ndege Magadi

Anza na maji. Si ile chupa ya nusu lita uliyobaki nayo kutoka kwenye semina. Beba madumu mawili, moja la kunywa na jingine la kuoshea, na usiyachanganye. Sababu ya lile la pili nitaisema huko chini. Ziwa Magadi liko kama kilomita 120 kusini-magharibi mwa Nairobi, lakini unaacha baridi ya Ngong na kushuka hadi chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, ambako saa tano asubuhi jua halina masihara. Watu hutoka nyumbani na sweta, wakasahau kofia. Jaza tangi Kiserian. Kagua spea na jeki. Mwambie mtu wa nyumbani unakoenda, maana kuna vipande vya njia ambavyo simu haishiki mtandao.

Uwe ziwani jua linapochomoza. Ni afadhali ulale mji wa Magadi usiku wa kuamkia, kuliko kuendesha gizani kwenye barabara iliyojaa punda na ng'ombe. Ikishafika saa tatu na nusu ardhi imepata moto, hewa juu ya ziwa inaanza kucheza, na hata lenzi ya bei ya shamba haitakupa jicho la ndege lililokaa sawa. Nimeona watu wakipeleka lenzi kwa fundi kwa sababu hiyo, na fundi akawatoza.

Weupe wa magadi huidanganya kamera. Inadhani mwanga umezidi, inaitia picha giza, na heroe, yaani flamingo, anatoka na rangi ya tope. Ongeza mwanga hatua moja, kisha ukague kama mbawa za yangeyange hazijaungua kwa weupe. Ndege anayeruka anataka kasi ya sehemu 1 kwa 2,000 ya sekunde au zaidi. Betri mbili, kadi mbili. Tripodi ukipenda, ingawa mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe, ukiuegemeza kwenye dirisha la gari, unafaa zaidi, kwa sababu heroe hawaliogopi gari kama wanavyomwogopa mtu anayetembea.

Msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili, wakati ndege wa kandokando ya maji kutoka Ulaya na Asia wapo. Mtafute pia yule kitwitwi mdogo mwenye mkanda wa hudhurungi kifuani. Huyo ni mkazi, na kwa Kenya hapa ndipo mahali pa kumtafutia. Usiache kufika kwenye chemchemi za moto za upande wa kusini. Humo wanaishi samaki wadogo jamii ya tilapia wanaostahimili maji ya moto yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) karibu 10, na penye samaki pana mwari na korongo.

Sasa hili la dumu la pili.

Tulikwenda watu wanne. Mwenzetu mmoja, mtu wa benki, alikuwa na lenzi ya milimita 600 aliyoinunua kwa mkopo wa sacco, na ilikuwa safari yake ya kwanza nayo. Heroe walikuwa wengi, lakini mbali, ng'ambo ya uwanda mweupe wenye wekundu kidogo. Akaanza kuukata huo uwanda kwa miguu. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi karibu na barabara akampigia kelele: "Mzee, usipite hapo! Hata mbuzi hawapiti hapo." Jamaa akainua mkono kama anayeitikia salamu, akaendelea.

Hatua za mwanzo ziliita kama saruji kavu. Kisha tukasikia mlio mfupi, na mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Chini ya lile gamba la magadi yaliyoganda kuna tope jeusi linalonuka yai bovu, na maji ya magadi mazito yanayoteleza mikononi kama sabuni. Alipotaka kujinasua akakanyaga kwa nguvu mguu wa pili, nao ukaenda. Akaegemea alichokuwa nacho mkononi, yaani kamera. Kingo za gamba lililovunjika zina makali, zilimchana miundi yote miwili, na magadi yakaingia kwenye michubuko. Mtu mzima alilia.

Yule kijana ndiye aliyetuzuia tusimfuate kwa kukimbia. Alituambia tulale kifudifudi, akarusha shuka lake, tukamvuta taratibu. Kiatu kimoja kilibaki humo. Tukamwosha miguu kwa maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo, kwa sababu hatukuwa na mengine. Tukarudi kutafuta zahanati, koo zimekauka, gari lina joto, yeye anatetemeka. Vidonda vilichukua wiki kufunga. Lenzi ilipofunguliwa, ndani ya gia zake mlikuwa na chembe nyeupe zilizoganda. Mkopo bado anaulipa.

Usidhani ni ajali ya mgeni asiyejua. Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa afisa wa kilimo hapa Kenya, alijaribu katika miaka ya 1950 kuvuka tope la Ziwa Natron, jirani tu upande wa Tanzania, ili afikie viota vya heroe. Magadi yaliiunguza miguu yake hadi akalazwa na kubandikwa ngozi. Hata heroe wenyewe hawasalimiki. Mwaka 1962 walipohamia Magadi kuzalia, makinda wengi walifungwa miguu na pete za magadi yaliyoganda, ikabidi watu waingie kuwavunjia.

Kwa hiyo: pita penye nyayo mbichi za mifugo au alama za magari, na usipoziona, usipite. Ajiri mtu wa hapo akuongoze, umlipe mliyopatana kabla ya kuanza. Halafu kaa. Heroe hula huku wanatembea; ukitulia pembeni mwa tuta la barabara nusu saa, mara nyingi watakusogelea wenyewe. Ukiwakimbilia wanaruka wote, umewakatisha chakula, na umepata picha ya migongo.

Mengine ni ya kawaida. Lenzi ipulizwe kwanza kabla ya kufutwa, vumbi la magadi linachubua kioo. Ukirudi osha gari, hasa chini, chuma hakipendani na chumvi hii. Usimpige mtu picha bila kumwomba, na kwenye kiwanda cha magadi uliza kabla ya kuinua kamera. Droni bila kibali iache nyumbani. Ukiona kiota, usitangaze kilipo. Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita. Viatu viwe vya kufunga kamba, si ndala. Nyoka wapo kwenye mawe karibu na chemchemi, na maji ya chemchemi yenyewe yapime kwa kijiti kabla ya kutia mkono, mengine ni ya kuunguza. Watoto washikwe mkono. Na kama kuna wingu zito upande wa milimani, usivuke makorongo ya mchanga, hata kama ulipopita asubuhi yalikuwa makavu.